Ndugu Yetu Yuko Gerezani: Jinsi ya Kwenda Kumwona

Safari za jamaa ni nyingi, na karibu zote hutangazwa. Mtu akienda Rutshuru kupeleka mahari, majirani wajua. Akipanda mashua kwenda Bukavu kumwona dada aliyejifungua, mtaa mzima humpa salamu za kupeleka. Iko safari moja tu ambayo watu huifunga kimya, asubuhi na mapema, sufuria imefunikwa kwa kitambaa ili mtu asiulize chakula hicho ni cha nani. Ndiyo safari ya gerezani. Ndugu wasomaji, leo twataka kusema habari yake waziwazi, maana jamaa nyingi za Goma zaijua safari hiyo, na kila moja hudhani iko peke yake.

Tusianze na haya. Tuanze na chakula. Ziko nchi ambako serikali humlisha mfungwa asubuhi na jioni, na mgeni huja kumtuliza moyo tu. Kwetu Kongo mambo si hivyo. Katika magereza yetu chakula cha serikali ni kile ambacho wafungwa wenyewe wamekiita vungule, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na mara nyingi hutolewa mara moja tu kwa siku. Pesa za kukinunua zikichelewa kufika, sufuria hubaki tupu. Kwa miaka mingi Msalaba Mwekundu wa Kimataifa umekuwa ukiwatibu wafungwa waliodhoofika kwa njaa katika magereza ya nchi hii, na Goma mmojawapo. Basi yule mama unayemwona akipita na sufuria yake hapeleki zawadi. Apeleka chakula chenyewe cha siku, na asipofika, mtu atalala njaa.

Watu wa Goma hawahitaji kuelezwa Munzenze ni nini. Gereza hilo lilijengwa katikati ya mji zamani za Wabelgiji, kwa ajili ya watu wasiofika 400. Mwanzoni mwa mwaka 2025 lilikuwa na watu zaidi ya 4,000. Kwa hesabu hiyo, mahali palipowekwa mtu mmoja palikuwa na kumi au zaidi. Wapo waliolala kwa zamu, wengine wamesimama wakingoja mwenzao aamke. Kisha tarehe 27 Januari 2025, wapiganaji wa M23 walipoingia mjini, gereza lilivunjwa na wafungwa wakakimbia kwa maelfu. Moto ukawaka. Umoja wa Mataifa ulieleza baadaye kwamba wanawake zaidi ya 150 waliokuwa katika sehemu yao walinajisiwa na wafungwa wanaume, na kwamba wengi wao wakafa katika moto ule. Walikuwamo na watoto wadogo waliofungwa pamoja na mama zao bila kosa lolote.

Wiki ile jamaa kadha wa kadha za mji huu zilipata mgeni usiku, mtu waliyemzoea kumwona nyuma ya ukuta sasa akibisha mlangoni. Nyingine zilikwenda kutafuta binti au dada, zikarudi bila hata mwili wa kuzika. Twayataja mambo haya kwa kuwa yanaonyesha jambo ambalo lazima lijulikane kabla ya kufunga safari: kule kwetu, gereza na jamaa havikutengana kama watu wasemavyo. Jamaa ndiyo inayojua mfungwa yuko chumba gani, ana homa tangu lini, amevaa nini. Jamaa isipojua, huenda pasiwe na mtu mwingine ajuaye.

Kwa hiyo jambo la kwanza si kupika. Jambo la kwanza ni kujua ndugu yako yuko wapi hasa. Katiba ya nchi, ile ya tarehe 18 Februari 2006, yasema katika kifungu cha 18 kwamba mtu aliyekamatwa lazima aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, katika lugha anayoifahamu. Tena ana haki ya kuwasiliana mara moja na jamaa yake au na mwanasheria wake. Kifungu hicho chasema pia kwamba hawezi kuwekwa katika mahabusu ya polisi zaidi ya saa 48. Saa hizo zikiisha, aachiliwe au apelekwe mbele ya wakuu wa sheria. Twajua vema kwamba kifungu hiki huvunjwa kila wiki. Lakini mtu anayekijua huuliza kwa namna nyingine. Hasemi, «Nisaidieni, bwana mkubwa». Husema, «Ndugu yangu alikamatwa Jumatatu saa nne, leo ni Alhamisi, je, faili yake imekwenda kwa nani?» Na askari husikia tofauti hiyo.

Anza kituo cha polisi kilicho karibu na mahali alipokamatwa. Ukiambiwa hayupo, nenda kwenye ofisi ya mwendesha mashtaka, ambayo watu wetu huiita parke. Kama ni askari, au ameshtakiwa kwa jambo la silaha, uliza kwa oditora, maana mambo hayo huamuliwa na mahakama za jeshi. Tangu mapema mwaka 2025 kazi hii imekuwa ngumu kupita kiasi. Mashirika ya kutetea haki za binadamu yaliandika mwaka huo habari za watu waliofungwa na M23 katika nyumba na viwanja visivyo magereza hapa Goma na Bukavu, na jamaa zao wakanyimwa ruhusa ya kuwaona. Aliye katika shida hiyo asizunguke peke yake kutoka lango hadi lango, wala asimpe fedha kila anayejidai kumjua mkuu fulani. Wako watu wanaoishi kwa machozi ya wengine. Hao huchukua dola leo, kesho huhitaji nyingine. Afadhali akaandikishe jina la ndugu yake kwa wajumbe wa Msalaba Mwekundu wa Kimataifa, ambao kazi yao mojawapo ni kuwatembelea wafungwa wa vita na kutafuta waliopotea.

Akisha kuonekana, nunua daftari. Ndiyo, daftari la shule, lile la bei ndogo kabisa. Twalisema neno hili kwa mkazo kuliko yote tutakayoyasema juu ya sufuria na sabuni. Zaidi ya nusu ya watu waliomo katika magereza ya Kongo hawajahukumiwa bado. Hawakukutwa na hatia, wala hawakuonekana kuwa safi, wanangoja. Sheria imeweka mipaka ya kungoja huko. Amri ya hakimu ya kumweka mtu kizuizini kabla ya hukumu hudumu siku 15. Baadaye yaweza kuongezwa mwezi mmoja, tena mwezi mmoja, na kila mara lazima iwepo amri nyingine. Kwa makosa yaliyo mengi haiwezi kuongezwa zaidi ya mara tatu mfululizo, isipokuwa hakimu aamue tena katika kikao cha wazi. Lakini nani ahesabu siku hizo? Mfungwa hana kalenda. Karani ana mafaili mengi mno mezani. Mwanasheria, kama yupo, ana wateja wengine. Anayeweza kuhesabu ni yule anayekuja na sufuria.

Basi katika daftari hilo andika siku aliyokamatwa, jina la ofisi, namba ya faili, jina la hakimu anayeishika, tarehe ya amri ya kwanza na ya kila amri iliyofuata, na tarehe ya kikao kijacho. Kila unaporudi kutoka gerezani ongeza yale uliyoyasikia. Mwezi ukipita na hakuna amri mpya, unalo neno la kumwambia mwanasheria au shirika la kutetea wafungwa, tena neno lenye tarehe. Twajua mafaili hupotea. Huhamishwa na hakimu aliyehamishwa, huungua, huliwa na mchwa. Na ule moto wa Januari 2025 haukubagua watu na karatasi. Jamaa iliyokuwa na daftari ilibaki na kitu mkononi.

Nani aende? Hapa twataka kuwasemesha hasa wanaume wa jamaa. Desturi imekuwa kwamba mke wa mfungwa ndiye anayekwenda, siku baada ya siku, na mama mzazi kama yu hai. Mke huyu ndiye sasa anayetafuta kodi ya nyumba na karo ya watoto. Anauza sambaza au lengalenga Virunga mpaka jua kuzama, kisha anatazamiwa apike, atembee kwa miguu, asimame langoni saa mbili, na kurudi sokoni. Kaka za mume wako wapi? Wanasema wana kazi. Miezi mitatu ya kwanza mke huyu huvumilia, kisha huugua, na akisha kuugua wao husema ameanza kumtupa mumewe. Si haki hata kidogo. Jamaa ikae chini, hata siku ile ya pili, ipange zamu: leo fulani, keshokutwa fulani, na Jumapili watu wa mbali. Asiyeweza kwenda atoe makaa au unga. Na wale wa shirika lake, Wakristo wa nyumba zile zile wanaosali pamoja kila juma, wasingoje kuombwa. Zipo likelemba za kununua sahani za harusi. Haishindikani kuwa na moja ya sufuria ya mfungwa kwa siku mbili za juma.

Na ikiwa aliyefungwa ni mwanamke? Hapo kalamu yetu yaona aibu. Mwanamume akifungwa, mkewe humfuata. Mwanamke akifungwa, mara nyingi mume hangoji hata mwaka. Majirani husema maneno, ndugu wa mume huchukua watoto, na kule ndani mama yule hula kwa huruma ya wenzake. Wanawake ni wachache katika kila gereza, ndiyo sababu husahauliwa upesi. Wale wa Munzenze walisahauliwa na wengi kabla moto haujawafikia. Kama binti yako, dada yako au mke wa mwanao yuko ndani, umpelekee mambo ambayo mwanamume hafikiri kuyataja: vitambaa vya mwezi, sabuni ya kutosha, nguo za ndani, na maziwa au uji wa mtoto ikiwa ana mtoto mgongoni. Na aende mwanamke wa jamaa, ambaye ataweza kumwambia mambo yake yote.

Sasa twaja kwenye siku yenyewe. Uliza kwanza, kwa mtu aliyekwenda juzi, siku za kuwaona wafungwa ni zipi na saa ngapi, maana hubadilika bila tangazo. Kwa mtu ambaye faili yake bado iko katika uchunguzi, mara nyingi ruhusa ya kumwona hutoka kwa hakimu mwenye faili, wala si kwa mkuu wa gereza. Usifike langoni bila kujua hilo. Chukua kadi yako ya uchaguzi au karatasi nyingine yenye picha yako. Acha nyumbani simu, kisu, pombe, na maneno makali.

Chakula kiwe kikavu cha kutosha kisimwagike katika msukumano wa langoni: ugali, maharagwe, sombe iliyokauka vizuri, viazi. Usiudhike askari akikuambia uonje kwanza. Onja, tena onja kwa furaha. Pika kwa watu watatu. Mfungwa hali peke yake, akila peke yake atachukiwa; na ndani ya magereza yetu wako wakubwa wa wafungwa, wale makapita, ambao hupanga nani alale wapi na nani achote maji. Si vizuri, lakini ndivyo ilivyo, na sahani moja iliyogawanywa yaweza kumpa ndugu yako nafasi ya kunyoosha miguu usiku. Ongeza maji safi katika kidumu, sabuni, na dawa zikiwa na cheti cha daktari. Kipindupindu ni mgeni asiyekauka katika mji wetu, na mahali penye watu wengi na choo kimoja hukaa zaidi.

Yako malango ambapo mgeni huombwa pesa ili apite. Hatuwezi kuwaambia kwamba jambo hilo halipo, wala kwamba ni la haki. Wengine hutoa kidogo na kupita, wengine hukataa na kungoja mpaka saa zimekwisha. Sisi twasema hivi tu: nendeni wawili au watatu, kwa adabu, na siku ile ile andikeni katika daftari kiasi kilichoombwa. Mambo yaliyoandikwa na jamaa kumi huweza kupelekwa mbele na padri au na mwanasheria. Yasiyoandikwa ni manung'uniko.

Juu ya kupekuliwa, ni vema mjue kwamba Umoja wa Mataifa uliweka kanuni za kuwatunza wafungwa mwaka 1955, ukazitengeneza upya tarehe 17 Desemba 2015 na kuzipa jina la Nelson Mandela. Kanuni hizo zasema mfungwa aruhusiwe kuonana na jamaa yake kila baada ya muda uliopangwa, na afungwe karibu na kwao kadiri iwezekanavyo. Zasema pia mgeni asipekuliwe kwa namna ya kumvunjia heshima, na watoto wasiingizwe mikono mwilini kabisa.

Jina hilo halikutolewa bure. Mandela alipofika kisiwa cha Robben mwaka 1964 na kifungo cha maisha, aliruhusiwa mgeni mmoja na barua moja kwa miezi sita. Mgeni alikaa nusu saa, upande wa pili wa kioo. Watoto wake hawakuruhusiwa kumwona mpaka wametimiza miaka 16. Mwaka 1984, katika gereza la Pollsmoor, ndipo alipoweza kumshika mkewe mkono, na ilikuwa imepita miaka zaidi ya 20. Twalitaja hili ili mtu anayesimama Jumapili langoni na kupewa dakika kumi asidhani dakika kumi si kitu. Watu wameishi miaka sita kwa saa sita.

Katika dakika hizo, semeni nini? Kwanza mambo ya faili, maana kelele ni nyingi na muda ni mfupi. Muulize kama ameitwa mbele ya hakimu, na lini. Mtazame mikono na miguu, uone kama imevimba. Kisha habari za nyumbani, nazo ziwe ndogo na za kweli: mtoto wa tatu ameota meno, paa limezibwa, mwalimu amemsifu binti kwa hesabu. Habari ya kifo isifichwe miaka. Siku moja itamfikia kwa mdomo wa mtu mwingine, naye hatawaamini tena. Lakini isitupwe langoni kama jiwe. Padri wa magereza ajulishwe, naye akae naye siku hiyo. Wala usimkalipie mbele ya watu, hata kama kosa alilifanya kweli. Yeye atalala na maneno hayo usiku kucha, wala hana pa kutembea.

Watoto wengi wa mji huu wameambiwa kwamba baba yuko safarini, Kinshasa au Kampala. Mtoto wa miaka mitano aweza kuyaamini. Wa miaka kumi ameshayasikia yote shuleni, na sasa anajua pia kwamba mama husema uongo. Afadhali aambiwe kwa maneno machache. Kumpeleka gerezani ni jambo jingine. Aende kama baba mwenyewe ametaka, na mtu mzima atakayemshika mkono asiwe yule anayebeba sufuria. Kama hapaendeki, na achore picha au aandike barua; karatasi hupita mahali ambapo mtoto hapiti.

Kuna wengine ambao safari yao haiwezekani hata kidogo. Mwaka 2015 watu mamia waliokamatwa hapa Kivu kwa kushukiwa kuwa wa kundi la FDLR walipelekwa Angenga, gereza lililo mbali sana kaskazini magharibi, ng'ambo ya misitu. Askari wengi hupelekwa Ndolo, Kinshasa. Na mwaka 2025 mstari wa vita ulipita katikati ya Kivu ya Kaskazini yenyewe, hata mtu wa Goma mwenye ndugu katika gereza la Kangbayi, Beni, akawa kama mtu wa nchi nyingine. Uwanja wa ndege wa Goma nao ulifungwa mwezi ule wa Januari. Kwa hao iko karatasi ya Msalaba Mwekundu. Hukunjwa bila bahasha, nayo husomwa na wakuu kabla ya kupelekwa. Kwa hiyo huandikwa habari za jamaa tu, bila siasa wala vita. Yaweza kukawia miezi. Lakini aandikiwaye huijua mara moja hati ya mkono wa mkewe, akaitunza katika nguo mpaka itakapochakaa.

Wakristo wengine hutuuliza kama ni halali kumhurumia mwivi au muuaji namna hii, na huku aliyeibiwa au aliyefiwa hana wa kumpelekea sahani. Swali hili ni la haki, na aliyedhulumiwa ana haki ya kutembelewa kwanza. Lakini katika sura ya 25 ya Mathayo, mahali palipotajwa wenye njaa na wagonjwa na wafungwa, hapaulizwi mfungwa alifanya nini. Papa Fransisko alifungua Mlango Mtakatifu katika gereza la Rebibbia, Roma, tarehe 26 Desemba 2024. Alhamisi Kuu iliyofuata, tarehe 17 Aprili 2025, ingawa alikuwa dhaifu kabisa, alipelekwa katika gereza la Regina Coeli kuwasalimu wafungwa. Siku nne baadaye akafa.

Ukisha kutoka langoni, usiende moja kwa moja sokoni. Kaa kwanza mahali penye kivuli, fungua daftari, uandike uliyoyasikia kabla hujayasahau: tarehe ya kikao, dawa zinazotakiwa, zamu ya keshokutwa ni ya nani. Na ikiwa mmojawapo wa wale wanaokula pamoja na ndugu yako hana mgeni kabisa, andika jina lake, jina la baba yake na la kijiji chao, ulipeleke kwa padri wa magereza au kwa Msalaba Mwekundu. Huenda mama yake yuko Masisi, na tangu mwaka juzi hajui kama mwanawe yu hai.